Haki ya Kura Ikae Katika Sheria, Isikae Katika Matamko

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huku Mombasa twalizungumza kila jioni barazani, lakini ni nadra kulisikia likijadiliwa Bungeni kwa uzito unaolistahili. Kila uchaguzi unapokaribia tunahimizwa tujitokeze kwa wingi, na kila unapomalizika tunalaumiwa kwa kutojitokeza. Ni kweli kwamba mwaka 2022 waliopiga kura katika kaunti yetu hawakufika nusu ya walioandikishwa, ilhali kitaifa walifika karibu asilimia 65. Silifichi hilo, wala sidai kwamba hakuna wavivu miongoni mwetu. Hata hivyo, lawama hiyo hutazama siku moja tu, siku ya debe. Watu wengi wa Pwani hupoteza kura zao miezi na miaka kabla ya siku hiyo, mbele ya meza ya kuombea kitambulisho, ambayo haina ajenti wa chama, haina mtazamaji wa kimataifa wala kamera ya televisheni.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aishiye Likoni, alitimiza miaka 18 mwaka uliopita, na tangu hapo amekwenda mara nne katika ofisi moja ya kuandikisha watu ambayo sitaitaja, kwa kuwa nia yangu si kumshtaki mtumishi fulani. Mara ya tatu nilimsindikiza. Nilitoka Kisauni alfajiri, nikavuka feri kwenda Likoni wakati watu wengine wote wanavuka kuja mjini, na tulipofika tukakuta foleni imeshapinda kona ya jengo. Kijana alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwa na cheti chake cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya baba na mama, cheti cha shule ya msingi na barua ya mzee wa mtaa. Baba yake ana kitambulisho tangu ujana wake na amepiga kura tangu mwaka 1992. Wenzake wawili waliokuwa mbele yake katika foleni, wenye majina yasiyozua maswali, walichukuliwa alama za vidole wakaenda zao. Yeye alirudi kwangu uso umemshuka, akaniambia, "Mjomba, wanataka kitambulisho cha babu. Babu alifariki hata mama hajaolewa."

Nilimfuata afisa aliyemhudumia, na nakiri alinipokea kwa heshima. Aliniambia, "Mzee wangu, sijamkatalia. Nimemwambia arudi akiwa na ushahidi zaidi." Nilimwomba anionyeshe ni kifungu gani cha sheria kinachomtaka kijana mwenye wazazi wawili raia alete kitambulisho cha marehemu babu yake, akanijibu kwamba ndivyo wanavyofanya. Nikamwomba basi aandike kwenye karatasi, hata mistari miwili, kwamba ombi limekataliwa na sababu ni hii. Akarudia lile lile, kwamba hakuna lililokataliwa.

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Ombi likikataliwa kwa maandishi, mtu ana cha kumpelekea wakili au hakimu. Likiwekwa tu katika hali ya "rudi tena", hakuna uamuzi, hakuna tarehe na hakuna pa kukata rufaa, na siku za uandikishaji wa wapigakura zinaendelea kupita. Nimefanya kazi ya ukarani bandarini zaidi ya miaka 30 nikishughulikia hati za mizigo, nami najua kwamba hata kontena la nguo za mitumba lina siku zake zilizowekwa na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki: siku za kuliandikisha, siku za kuliondoa, na njia ya kulalamika ukiona umeonewa. Mtoto wa Kenya anayeomba kitambulisho hana siku hata moja iliyowekwa kwa ajili yake.

Watetezi wa mambo yalivyo husema kwamba haki ya kupiga kura imeshalindwa na Katiba ya 2010. Ni kweli, nayo imeandikwa vizuri. Kifungu cha 38 kinampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa na kupiga kura ya siri bila vikwazo visivyo na sababu. Kifungu cha 83 kinasema taratibu za kuandikisha wapigakura ziwekwe kwa namna ya kumrahisishia raia, wala zisimnyime haki yake. Kifungu cha 12 kinampa raia haki ya hati za utambulisho, na Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba yake au mama yake alikuwa raia. Baba au mama, babu hakutajwa. Kisha tunashuka kutoka katika Katiba kuja katika sheria za Bunge, na hapo mambo yanabadilika. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 inataka anayejiandikisha awe na kitambulisho cha taifa au pasipoti. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, ambayo ndiyo inayotoa hicho kitambulisho, inampa afisa mamlaka ya kudai ushahidi zaidi, lakini haimwambii akomee wapi. Kwa hiyo haki kubwa ya Kifungu cha 38 imening'inizwa kwenye uzi, na ncha ya uzi huo imeshikwa na mtu mmoja nyuma ya meza, ambaye hakuna anayemuuliza kwa nini amevuta.

Jambo hili si geni kwetu. Marehemu baba yangu alikuwa akitusimulia uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza ambapo Waafrika wa nchi hii walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, na Ronald Ngala akapata kiti cha Pwani. Si kila Mwafrika aliruhusiwa kupiga kura. Serikali ya kikoloni iliweka vigezo vya elimu, kipato, mali na utumishi, na aliyetimiza vigezo vingi aliweza kupewa hadi kura tatu, huku jirani yake asiyekuwa na karatasi yoyote akikosa hata moja. Baba alikuwa na cheti cha shule. Ami yake, nahodha aliyeijua bahari kutoka Lamu hadi Pemba kuliko mtu yeyote mtaani, hakuwa nacho, akabaki kuangalia. Miaka 31 baadaye, mwaka 1988, mimi mwenyewe nilisimama katika mlolongo nyuma ya picha ya mgombea, chifu akitutazama mmoja mmoja. Mkoloni alitunyima kura kwa kutaka makaratasi, na chama kimoja kikatunyima siri ya kura. Leo siri ya kura tunayo, lakini makaratasi yamerudi, na safari hii hayakuandikwa katika sheria yoyote ambayo mtu anaweza kuipinga waziwazi.

Nitaambiwa kwamba tatizo hili limeshatatuliwa, kwa kuwa Rais William Ruto, akiwa Wajir mwezi Februari 2025, alitia saini tamko la kukomesha upigaji msasa, yaani uchunguzi wa ziada wa uraia, kwa wakazi wa kaunti za mipakani wanaoomba vitambulisho. Nililipokea tamko hilo kwa furaha, kwa sababu malalamiko ya Waislamu wa Pwani na wa kaskazini kuhusu kamati za msasa ni ya miaka mingi, na hata Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilishaamua mwaka 2011, katika kesi ya watoto wa Kinubi, jamii ya Wakenya wenye asili ya Sudan, kwamba Kenya ilikuwa ikiwakosea raia wake kwa taratibu za aina hiyo. Lakini tamko ni tamko. Linategemea aliyelitoa, linategemea kama barua yake imefika kwa afisa wa Likoni, na linategemea kama afisa huyo amelielewa kuwa ni amri au ni hotuba. Mpwa wangu ni ushahidi tosha kwangu kwamba maneno ya Wajir hayakuvuka kivuko.

Historia yetu ya karibuni ya uraia imekuwa historia ya matamko. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya Pwani, walilazimika kufunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwezi Oktoba 2016 ndipo Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho. Wapemba, ambao wamevua samaki na kuzaa watoto katika fuo za Kilifi na Kwale kwa miongo mingi, walisubiri hadi mwaka 2023 wakatambuliwa, nao pia kwa tamko la Rais. Nashukuru kwa yote mawili. Lakini jiulize, Mhariri, ni chaguzi ngapi zilipita watu hao wakiwa hapa hapa, wakilipa kodi madukani kama sisi, na hakuna aliyewahesabu. Na jumuiya nyingine isiyo na miguu ya kutembea hadi Nairobi, wala mwanasiasa wa kuibebea bango, itasubiri rais gani?

Hata ada ya kitambulisho inatufundisha jambo hilo hilo. Mwishoni mwa mwaka 2023 tulitangaziwa kwamba kitambulisho cha kwanza, kilichokuwa kikitolewa bure, kingelipiwa shilingi 1,000. Kukawa na kelele na kesi, ikashushwa hadi shilingi 300, na baadaye tukasikia imesamehewa. Haki ambayo bei yake inapanda na kushuka kama nyanya sokoni Kongowea haijawa haki bado.

Wapo watakaosema kwamba nchi zilizotutangulia hazina haja ya sheria kama hizi. Nawaomba watazame Marekani, ambako mambo haya yamedumu karne nzima na zaidi. Mwaka 1870 Katiba ya nchi hiyo ilirekebishwa kwa mara ya 15 ili mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake. Maneno yalikuwa wazi kabisa, lakini majimbo ya kusini yakazua kodi ya kura na mitihani ya kusoma, ambayo mtahini aliisahihisha apendavyo, na kwa miongo mingi Mweusi wa Alabama au Mississippi alikuwa na haki katika kitabu tu. Machi 7, 1965, waandamanaji walipigwa na polisi kwenye daraja la Edmund Pettus mjini Selma, na kijana mmoja aliyeitwa John Lewis akavunjwa fuvu la kichwa. Agosti 6 mwaka huo huo Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Nguvu ya sheria hiyo haikuwa katika kurudia kwamba watu ni sawa. Ilikuwa katika kuyataka majimbo yenye historia mbaya yaombe kibali kwanza kabla ya kubadilisha utaratibu wowote wa uchaguzi. Aliyetaka kuweka kikwazo ndiye aliyepaswa kujieleza, badala ya aliyewekewa kikwazo kukimbilia mahakamani baada ya uchaguzi kupita.

Mwezi Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, katika kesi ya kaunti ya Shelby, ilikiondoa kipengele kilichoamua ni majimbo gani yaombe kibali, na jimbo la Texas likatangaza siku hiyo hiyo kwamba litaanza kutumia masharti yake ya vitambulisho vya wapigakura. John Lewis, ambaye alikuwa mbunge kwa miaka zaidi ya 30, alifariki Julai 2020. Mswada uliopewa jina lake ili kuirudisha sheria hiyo ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2021, ukakwama katika Seneti. Sisemi tuige sheria za watu. Nasema kwamba kama ulinzi wa kura unaweza kubomolewa kwa hukumu moja katika nchi yenye Katiba ya zaidi ya miaka 200, basi sisi wenye Katiba ya juzi hatuna haki ya kulala tukiegemea vifungu vyake na matamko ya majukwaani.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siidharau. Tunaishi katika mji wa bandari, karibu na mpaka, na tumeshazika watu waliouawa na magaidi. Serikali ina wajibu wa kuhakikisha kwamba kitambulisho cha Kenya hakimwangukii asiyestahili. Nakubali. Lakini sioni usalama gani unaoongezeka kwa kumtaka kijana alete karatasi ya mtu aliyefariki miongo mitatu iliyopita, wakati alama za vidole za baba yake zimo katika hazina ya serikali hiyo hiyo inayomuuliza. Zaidi ya hayo, swali lisilo na mpaka ndilo linalozaa rushwa. Mwenye fedha hulipia njia fupi na kupita, awe raia au asiwe, na anayebaki nje ni mtoto wa mvuvi. Anayependa usalama kweli angetaka orodha fupi ya hati, iliyobandikwa ukutani, inayojulikana na wote.

Ninachoomba Bunge lifanye si kikubwa. Kwanza, Sheria ya Usajili wa Watu irekebishwe ili hati zinazotakiwa zitajwe katika sheria yenyewe na afisa asiweze kuongeza ya kwake, na kusiwe na hati inayodaiwa kwa watu wa eneo, dini au ukoo fulani pekee. Iwekwe idadi ya siku ambazo ndani yake ombi litajibiwa, na siku hizo zikipita bila jibu la maandishi, kimya kihesabiwe kuwa kukataliwa, ili mtu aweze kwenda mbele ya hakimu wa mahakama iliyo karibu naye bila kusubiri. Hakimu naye apewe siku zake. Tumeweza kuipa Mahakama ya Juu siku 14 kuamua kesi ya urais, jambo zito kuliko yote nchini. Hatuwezi kushindwa kumpa hakimu wa Mombasa muda kama huo kuamua kama kijana ni mtoto wa baba yake. Na masharti yoyote mapya kuhusu vitambulisho au uandikishaji yapelekwe Bungeni kama Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inavyotaka kwa kanuni nyingine, yasiletwe kwa waraka wa ofisini.

Kuhusu karatasi ya kusubiri kitambulisho anayopewa mwombaji, wapo wanaotaka itumike hata kupigia kura. Mimi siafiki, kwani karatasi hiyo ni nyepesi kughushiwa. Lakini naona hakuna dhara kuiruhusu itumike kujiandikisha tu, maana alama za vidole zimeshachukuliwa, na siku ya kura kitambulisho chenyewe kionyeshwe.

Jambo la pili linatuhusu sana sisi watu wa bahari. Mpigakura wa Kenya hupiga kura pale alipojiandikisha, siku ile moja, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Baharia ambaye meli yake imetia nanga Durban siku hiyo, dereva wa trela aliyekwama Malaba, muuguzi wa zamu na askari aliyepelekwa kulinda kituo cha kaunti nyingine, wote hao kura zao hupotea bila ya mtu yeyote kuwakataza. Nilikuwa na jirani Kisauni, baharia wa meli za mizigo, ambaye katika maisha yake ya kazi alijiandikisha kila mara na hakupata kupiga kura hata siku moja. Mfungwa wa Shimo la Tewa ameruhusiwa kumpigia kura Rais, nami naliunga mkono hilo. Lakini yule baharia huru, asiye na kosa, alikosa hata hiyo. Wenzetu Afrika Kusini na Ghana wana utaratibu wa kura maalumu kabla ya siku yenyewe. Zanzibar nayo ilileta kura ya mapema mwaka 2020 kwa askari na watumishi wa uchaguzi, na wapinzani wakaipinga vikali, jambo linalonifanya nisisitize kwamba utaratibu wa aina hiyo uandikwe kwa makubaliano ya vyama vyote, mapema, masanduku yalale mbele ya macho ya maajenti, wala usizuliwe uchaguzi ukiwa mlangoni.

Na watoto wetu walioko Arabuni? Mwaka 2022 Wakenya wa ughaibuni walipiga kura katika nchi 12, zikiwemo Qatar na Falme za Kiarabu, kwa kiti cha urais pekee. Saudi Arabia haikuwemo, ingawa kila mtaa wa Mombasa una msichana anayefanya kazi huko na kutuma karo za wadogo zake. Katiba inasema haki hii itekelezwe hatua kwa hatua. Hatua zinahesabika, Bunge liseme katika sheria hatua inayofuata ni nchi gani, lini, na kwa kigezo kipi.

Sijasahau yaliyotupata hapa mwaka huo huo. Usiku wa kuamkia Agosti 9, 2022, tulikuwa tumeshaambiwa kwamba uchaguzi wa gavana Mombasa na Kakamega umeahirishwa kwa sababu karatasi za kura zilikuwa na picha na maelezo ya wagombea yasiyo sahihi. Nilipofika kituoni asubuhi nilikuta masanduku matano badala ya sita. Lile la kifuniko cha samawati halikuwepo, na mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alimuuliza karani mara tatu karatasi ya gavana iko wapi, kwani alikuja kwa ajili hiyo. Uchaguzi ukapangiwa Agosti 23, ukaahirishwa tena, ukafanyika Jumatatu ya Agosti 29. Siku hiyo nilipiga kura saa sita mchana katika darasa ambalo makarani walikuwa wengi kuliko wapigakura. Huwezi kumwita mtu mara mbili, ukamrudisha mara mbili, kisha ukamshangaa asipokuja mara ya tatu. Sheria iseme kosa la uchapishaji likitokea, uchaguzi ufanyike ndani ya siku ngapi, na nani ataeleza kwa maandishi nani alizikagua karatasi hizo kabla hazijapakiwa ndegeni.

Kuhusu Tume ya Uchaguzi nitasema machache, maana yameandikwa sana. Kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025 nchi haikuwa na makamishna waliokamilika, na watu wa Banissa, Mandera, waliompoteza mbunge wao katika ajali ya barabarani Machi 2023, walikaa bila mwakilishi hadi Novemba 2025. Jirani zetu wa Magarini nao walisubiri kwa sababu hiyo hiyo. Kuwe na kifungu kinachozuia pengo la namna hiyo lisitokee tena, hata wanasiasa wagombane kiasi gani juu ya nani ateue nani.

Sasa niseme kuhusu haraka, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Uchaguzi mkuu utakuwa Jumanne, Agosti 10, 2027. Sheria inafunga uandikishaji siku 60 kabla, na sajili lazima ikaguliwe kabla ya hapo, kwa hiyo kijana ambaye hatakuwa na kitambulisho mwanzoni mwa mwaka huo yuko hatarini kuchelewa. Tume ilifungua upya uandikishaji wa kila siku Septemba 29, 2025, na vijana wanaambiwa waende. Waende na nini? Tunajua pia kinachotokea Bunge linapotunga sheria za uchaguzi kwa pupa. Mwezi Oktoba 2017, kati ya uchaguzi uliofutwa na ule wa marudio, marekebisho yalipitishwa kwa haraka huku upinzani ukiwa nje, na Mahakama Kuu ikaja kuvifuta baadhi ya vifungu vyake mwaka uliofuata. Mswada ukiletwa sasa, utajadiliwa. Ukiletwa wagombea wakiwa wameshapanda majukwaani, kila upande utahesabu kwanza ni kura za nani zitaongezeka.

Wabunge wetu sita, wa Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita, pamoja na Seneta na Mwakilishi wa Kike, wanajua haya yote kwa sababu wazazi huwapelekea bahasha za kaki kila Ijumaa baada ya swala, na wao hupiga simu moja kwa ofisa fulani na mtoto mmoja akapata kitambulisho. Nawaomba waache kutusaidia mmoja mmoja kwa simu. Simu moja humfaa mpigiwa na mpigaji, na kumfanya raia awe na deni la fadhila kwa kitu ambacho ni chake.

Mpwa wangu ameambiwa arudi Jumatatu ijayo. Safari hii atachukua cheti cha ndoa cha babu yake cha mwaka 1961, kilichoandikwa na kadhi kwa hati za Kiarabu, ambacho shemeji yangu amekikuta ndani ya kasha la mamake. Hatujui kama mle ofisini yupo wa kukisoma.

Karani mstaafu wa bandari,
Kisauni, Mombasa